Mchezo wa Kutafuta Katika Mji wa Waliotoweka

Nataka mchezo huu uletwe Cheptais. Naanza hapo ili mtu asije akasema baadaye kwamba mimi ni wale wa kupinga kila kitu chenye raha. Nataka vijana watoke Bungoma, Kitale, hata Nairobi, simu mkononi, wapande hadi kwa huo mji ulio ubavuni mwa Mlima Elgon, wafumbue mafumbo, watafute vikasha vilivyofichwa, na jioni warudi wakijua kitu ambacho asubuhi hawakukijua. Lakini kama ramani ya mchezo itaanzia kwa mapango ya ndovu, ipitie kwa wakoloni, iguse magendo ya kahawa, halafu iruke hadi leo kana kwamba kati ya 2006 na 2008 hakukutokea kitu, basi wasiulete. Wabaki nao.

Kwa ambaye hajausikia: unaitwa jiokashingi, na ulizaliwa Marekani Mei 2000. Mwanzoni mwa mwezi huo serikali ya Bill Clinton iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia wa kawaida. Kifaa kilichokuwa kinakosea kwa makumi ya mita kikaanza kukosea kwa mita chache tu. Tarehe 3 Mei, jamaa anaitwa Dave Ulmer akaenda msituni jimbo la Oregon, akafukia ndoo, akatangaza nukta zake kwenye intaneti na kuambia watu waitafute. Wakaitafuta, wakaipata. Leo kuna mamilioni ya vikasha duniani. Masharti ni mepesi: ukikipata, andika jina lako kwa kijitabu kilichomo ndani, kirudishe ulipokitoa, nenda zako.

Kuna aina moja ya mchezo huo ambayo hupewi nukta. Unapewa mafumbo. Jengo hili lilifunguliwa mwaka gani? Nani alizikwa hapa? Majibu yanageuka kuwa namba, na namba zinakupeleka mahali. Miji mingi ya Ulaya na Marekani imefundisha watoto wake historia ya mtaa kwa njia hii, bila ubao na bila chaki.

Na tusidanganyane ati ni kitu kigeni kabisa. Sisi tulilelewa na kitendawili. Tega! Ukishindwa unaambiwa utoe mji, ndipo upewe jibu. Darasani kwetu watoto walitoa Mombasa, Nairobi, Kisumu, na mara moja moja mjanja fulani alitoa London. Sikumbuki siku hata moja mtu aliyetoa Cheptais. Kwani nani angeutaka?

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuutaka mchezo. Huu mji una mafumbo ya kutosha mwaka mzima. Chukua mapango. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti, alifika Elgon na kukuta watu wakiishi ndani ya mapango pamoja na ng'ombe wao. Akauliza nani aliyachimba. Wenyeji wakamwambia ni kazi ya Mungu. Jibu halikumtosha, akaanza kuwaza habari za Wamisri wa kale. Baadaye sana ndipo ikaeleweka kwamba ndovu nao wamekuwa wakiingia humo usiku kuchimba chumvi kwa meno yao, na alama zimebaki ukutani, hasa pango la Kitum upande wa Trans-Nzoia. Mwaka 1925 Carl Jung, yule daktari wa akili kutoka Uswisi, naye alipanda mlima huohuo kuwauliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Wageni wa Elgon wana historia ndefu ya kuuliza maswali na kuondoka na majibu waliyokuja nayo.

Teremka kidogo hadi Malakisi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi wa mkoloni walifyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, dini ya Elijah Masinde, na watu 11 wakafa. Ni karibu sana na Cheptais, na bado kuna watoto wanaomaliza sekondari wakiweza kukupa orodha ya wanahistoria wa Ulaya lakini si tarehe hiyo.

Halafu Chepkube, soko la mpakani. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa Brazil, bei ya dunia ikapaa, na Uganda ya Idi Amin mkulima alikuwa halipwi cha maana. Basi kahawa ikavuka mpaka, kwa punda, kwa vichwa vya akina mama, kwa lori. Kati ya 1976 na 1977 watu walitajirika hapo kwa wiki chache, na jina la Chepkube likawa neno la nchi nzima kumaanisha pesa ya haraka. Kama hiyo si fumbo tamu la kuwapa vijana wanaouliza maisha yatalipa lini, sijui ni nini.

Hadi hapo kila mtu anatabasamu. Mwenye hoteli, afisa wa utalii, mpiga picha wa Instagram, wote wako ndani. Shida inaanza ukiendelea kupanda.

Mwaka 1971 serikali ilianza kuwahamisha Wamosop, ambao makaratasi ya serikali yaliwaita Wandorobo, kutoka Chepkitale huko juu penye baridi na nyasi, na kuwaleta chini kwenye mpango wa makazi wa Chebyuk. Ardhi ilipimwa, ikagawiwa, ikapimwa tena. Wasoy wa miteremko ya chini nao waliingia. Wakubwa wakagawia watu wao. Kila uchaguzi ulikuja na ahadi, kila ahadi ikaja na orodha mpya ya majina. Ilipofika awamu ya tatu, katikati ya miaka ya 2000, kuna familia zilizolima mahali kwa miaka mingi zikaambiwa hazimo kwenye orodha. Nyuma ya hayo yote kulikuwa na kidonda cha zamani zaidi: tambarare za Trans-Nzoia ambazo Waingereza walizitwaa kwa ajili ya masetla, na ambazo Wasabaot walizililia hadi mbele ya tume ya ardhi ya mkoloni, ile iliyoundwa 1932. Hawakurudishiwa.

Hapo ndipo likatoka kundi la Sabaot Land Defence Force, likiongozwa na Wycliffe Matakwei. Lilisema linatetea ardhi. Likaua majirani, Wasabaot wenzao kwanza, na Wabukusu na Wateso pia. Likatoza watu kodi, likabaka, likakata watu masikio. Human Rights Watch ilihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa, na makumi ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Machi 2008 serikali ikaleta jeshi kwa jina zuri sana, Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na wavulana walikusanywa kwa maelfu na kupelekwa kuchujwa kwenye kambi ya Kapkota. Mashirika ya haki yaliandika ushahidi wa vipigo, mateso na watu walioingia mikononi mwa wanajeshi wasionekane tena. Serikali ilikana. Mwezi Mei Matakwei akauawa, na tukaambiwa imeisha.

Ukijumlisha waliochukuliwa na kundi na waliochukuliwa na jeshi, makadirio ya waliotoweka ni mamia, yapata 300. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Wengi mnaosoma hii pia. Watoto wa wale watu ni rika letu kabisa.

Sasa rudi kwa mchezo. Neno lake kuu ni kutafuta. Katika miji mingi hilo ni neno la Jumamosi. Ubavuni mwa Elgon kuna mama ambaye kutafuta kwake kumekuwa kwenda kwa chifu, kituo cha polisi, chumba cha maiti, kwa wakili wa shirika, na kurudi kwa chifu. Ametafuta bila nukta na bila mtu wa kumwambia kama yuko karibu au mbali. Ukija mlimani kucheza kutafuta bila kujua kwamba neno hilo lina wenyewe, hujaja kujifunza historia. Umekuja kuikanyaga.

Na msidhani waliketi tu wakilia. Shirika la Independent Medico-Legal Unit lilipeleka kesi ya Mlima Elgon hadi Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha mwaka 2010. Mwaka 2011 majaji wa daraja la kwanza wakasema wana uwezo wa kuisikiliza. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa nje. Sababu? Imechelewa, mkataba unatoa miezi miwili tu ya kushtaki. Miezi miwili! Mtu ambaye hujui yuko hai au amekufa, unahesabu miezi miwili kuanzia lini? Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilikusanya ushahidi, na Mei 2013 ikamkabidhi Rais Uhuru Kenyatta ripoti ya kurasa zaidi ya elfu mbili, yenye mapendekezo ya fidia na kumbukumbu. Ripoti iko. Kuitekeleza ndiyo hadithi nyingine. Na sheria yetu ya ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba anaweza kuchukuliwa kuwa amekufa. Kwa hiyo kufikia 2015, kwa karatasi, msako wa wale wa 2008 ulikuwa na ruhusa ya kuisha. Karatasi hiyo inasaidia mjane kufuatilia shamba, sikatai. Lakini haimwambii mume alilala wapi.

Nimesikia majibu ya watu kuhusu jambo hili, na nitayachukua moja moja.

La kwanza ni la wazee wengine, na nalisema kwa heshima: msifukue. Watu wameanza kusalimiana sokoni, mnataka kuwasha moto tena? Wazee wangu, naelewa hofu hiyo, kwa sababu pale mlimani aliyekata sikio na aliyekatwa wanaweza kuwa wanachota maji kijito kimoja. Lakini kunyamaza si sawa na kusahau. Watoto wanajua. Wameambiwa jikoni, kwa sauti ya chini, kila nyumba na toleo lake, na katika kila toleo mbaya ni yule wa nyumba ile nyingine. Historia ya kunong'onezwa haipoi, inakua pembe. Afadhali hadithi isemwe barabarani, mchana, watu wa pande zote wakisikia.

La pili ni la watu wa utalii. Ati tukitaja vita, mgeni hatakuja. Si kweli. Watu huenda Rwanda, wakasimama kimya Gisozi mbele ya makaburi ya 1994, halafu wakaenda kuona sokwe, na hakuna aliyefuta safari kwa sababu Wanyarwanda walisema ukweli. Halafu tuulizane vizuri: huyu mgeni anayetakiwa asiharibiwe siku ni nani? Kama mchezo wa historia ya Cheptais umetengenezwa ili mtu wa kutoka mbali ajisikie vizuri, hiyo si historia ya Cheptais. Hiyo ni brosha. Ndovu wa Kitum wako upande wa pili wa mlima, kwenye hifadhi ya taifa, wana geti lao na tiketi yao. Hawahitaji tuwafichie makosa ya binadamu.

La tatu ni la rika langu: bana, huo mchezo ni wa wazungu wenye muda. Labda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo maktaba yangu ni simu, miguu na watu wanaokubali kuongea. Ndiyo maana naupenda mchezo huu. Hauulizi ulipata alama gani wala hauna karo. Mtu anayeendesha boda pale stendi ya Cheptais anaweza kuushinda kabla ya mwenye digrii, kwa sababu anajua njia na anajua wa kuuliza. Kitabu cha historia kilitupita huko mlimani, si lazima tukisubiri kirudi.

La nne ndilo zito, na wanaolisema wako sahihi nusu. Wanasema mahali pa maumivu si pa kuchezea. Mwaka 2016, Pokémon Go ilipolipuka, makumbusho ya Auschwitz kule Poland yalilazimika kuomba watu waache kusaka vikatuni kwenye kambi ambamo watu walichinjwa. Mtu akikimbia Kapkota na simu, akipiga kelele "nimeipata!", atastahili kila neno atakaloambiwa. Halafu kuna usalama wa kawaida. Julai 2011, Wetherby, Uingereza, kikasha cha mchezo huuhuu kilidhaniwa bomu, mji ukafungwa na wanajeshi wakakilipua. Hiyo ni Uingereza. Sasa mfikirie kijana anayeonekana akificha mkebe kichakani karibu na mpaka wa Uganda, kwenye mlima ambao jeshi lilikuja kutafuta bunduki nyumba kwa nyumba.

Lakini kutoka hapo wao wanafika kwa jibu la kuruka miaka hiyo. Mimi nafika kwa jibu la kutengeneza mchezo wenye adabu. Adabu hiyo si ngumu kuielezea.

Mahali watu walipoumia pasiwekwe kikasha. Hapana mkebe, hapana kijitabu, hapana picha ya kujipiga. Mchezo wenyewe unaruhusu kituo kisicho na kitu cha kupata: unafika, unasoma, unasimama, unaondoka. Pasiwe na pointi wala mashindano ya nani alifika kwanza. Kapkota na kituo chochote cha namna hiyo kiingie tu kama familia zimekubali, na zikikataa, fumbo litaje jina na mwaka bila kupeleka mtu. Waliouawa na kundi na waliochukuliwa na jeshi wawe kwenye njia moja, kwa sababu atakayetaja upande mmoja tu anaanza kampeni, si mchezo. Wamosop wa Chepkitale wawe na kituo chao, waseme wenyewe ilikuwaje ardhi yao ikatangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000. Mafumbo yaandikwe kwa Kiswahili na Kisabaot, na Kibukusu na Kiteso pia, maana mji huo haujawahi kuwa wa lugha moja. Na chifu, wazee na kituo cha polisi wajue kila kikasha kilipo kabla ya mchezaji wa kwanza kupanda.

Jambo la mwisho ndilo nalishikilia kuliko yote: mafumbo magumu yasiwe na majibu kwenye Google. Jibu liwe kwa mtu. Mchezaji lazima abishe hodi, aamkie, aketi, aulize, na kama mwenyeji hataki kuongea siku hiyo, basi siku hiyo ameshindwa na anatoa mji. Hakuna njia ya mkato. Na mwenye nyumba alipwe kwa muda wake kama anavyolipwa mwongozaji wa watalii, kwa sababu maarifa yake si ya bure kuliko ya yule wa getini.

Hebu nionyeshe ninachomaanisha kwa fumbo moja. Chukua mwaka ambao jeshi lilipanda Mlima Elgon. Toa mwaka ambao serikali ilianza kuhamishia watu Chebyuk. 2008 toa 1971, unapata 37. Hiyo 37 inaweza kuwa sehemu ya nukta inayokupeleka kituo kinachofuata, na mchezaji mvivu ataiandika na kuendelea. Lakini kati ya wachezaji kumi yuko mmoja atakayeketi kwenye jiwe na kujiuliza: ilichukuaje miaka 37 kwa mradi wa kugawia watu mashamba kugeuka operesheni ya kijeshi? Nani alikuwa anashika orodha? Nani alifaidi kila ilipobadilishwa? Huyo mmoja ameanza kusoma historia ya nchi hii, si ya Cheptais peke yake. Maana orodha za namna hiyo ziko Mau, ziko Lamu, ziko kila mahali ambapo mtu mmoja ana hati na mwingine ana makaburi ya babu zake.

Kwa hiyo ninyi wenye programu, wenye ufadhili mdogo wa utamaduni, wenye vilabu vya matembezi, na wewe wa kaunti unayetafuta mradi wa vijana wa kufungua na utepe: njooni. Njia iko, na mafumbo yako tele. Ila kabla ya kuweka nukta ya kwanza kwenye ramani, nendeni kwa zile familia ambazo bado hazijaambiwa kitu. Waulizeni mchezo upite wapi. Wakisema usipite kabisa, rudisheni pesa za mfadhili.